Mbili Mpaka Nane

Kama kuna mtu anayeijua baridi katika mji wetu, ni mimi. Sijipigi kifua, nalisema kwa sababu ndilo lililoniponza. Miaka ishirini na mitatu nimekuwa fundi wa vyumba vya baridi katika kiwanda cha aiskrimu, na katika miaka yote hiyo haijamwagwa hata ndoo moja kwa kosa langu. Mitambo imezeeka pamoja nami. Najua upi unakohoa kweli na upi unadeka tu, na mtu akisahau kufunga mlango wa chumba, hata nikiwa upande wa pili wa kiwanda nasikia mlio ukibadilika. Basi mtu kama huyo ukianza kumfundisha namna ya kupoza kitu, anakasirika. Mimi nilikasirika.

Aliyenikasirisha ni Sista, msimamizi wa chanjo pale zahanati, binti mfupi anayeongea haraka kama anayekimbiza basi. Friji kubwa la zahanati lilikuwa limekufa, na ofisi ya afya ikasema jipya lingechukua miezi mitatu. Mwenye kiwanda chetu alisikia habari hiyo akiwa saluni. Ni mama wa miaka sitini na kitu ambaye sote, hata mlinzi wa getini, tunamwita Mama Koni, maana alianza kwa kuuza koni nje ya shule, ndoo kichwani. Alitoka saluni nywele zikiwa nusu, akapiga simu, akawapa chumba chetu kidogo tulichokuwa tukihifadhia maziwa zamani. Meneja wa mauzo alipouliza kampuni itafaidika nini, Mama Koni alimtazama juu ya miwani.

“Wateja wangu wana miaka mitano,” akasema. “Nataka wafike kumi.”

Alhamisi Sista akaleta maboksi yake. Akayapanga kwenye rafu, akabandika karatasi mlangoni: MBILI MPAKA NANE. Kisha akanigeukia akitaka kunieleza.

“Fundi, hizi chanjo zina masharti yake. Nyuzi mbili mpaka nane, na sababu yake ni kwamba...”

“Sista,” nikamkata, “mimi nimeanza kuichezea baridi kabla mama yako hajakuwaza. Nenda kachome watoto wako. Zikiharibika kwa joto, nikate mkono.”

Akacheka, akaniachia ufunguo. Alikuwa na foleni inamsubiri.

Jumamosi ikatangazwa kwamba Jumapili umeme utakatwa kutwa nzima, wanabadilisha nguzo. Jenereta yetu inabeba vyumba vikubwa vya aiskrimu tu. Kile kidogo hakimo. Sisi watu wa aiskrimu tuna dawa yetu kwa siku kama hiyo, tunaiita kushibisha chumba. Siku ya kuamkia mkato unakishusha chini kabisa ya kawaida yake, kinakula baridi mpaka kuta zenyewe zinaganda, ili umeme ukiondoka kiwe na akiba ya kuishi nayo. Hakuna kitabu kinachofundisha jambo hilo. Nilifundishwa na fundi aliyenitangulia, nami nimewafundisha watatu. Kwa aiskrimu haijawahi kutuangusha.

Nikaenda chumba kidogo. Kipimo kilisema nne. Nikaitazama karatasi ya Sista. Ile nane niliielewa: ukivuka hapo, mali imeharibika. Ile mbili nikaiona ni mapambo ya ofisini. Watu wa maofisi hawawezi kuandika namba moja bila kuitafutia mwenzake. Nikakishusha chumba mpaka sita chini ya sifuri, nikafunga, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Umeme ulikatika saa kumi na mbili asubuhi, ukarudi saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kipimo kilisema sita juu ya sifuri. Muda wa saa kumi na moja bila umeme, na bado tuko ndani ya namba za Sista! Nikakirudisha kwenye nne, kila kitu kikawa kama kilivyokuwa.

Jumatatu asubuhi Sista alifika mbio, macho yamemtoka, akijua amepoteza kila kitu. Alipokiona kipimo akanikumbatia mbele ya vijana wa kufungasha, wakapiga miluzi. Mama Koni akampigia simu mtu wa redio. Kufikia mchana sauti yangu ilikuwa hewani ikieleza jinsi kampuni za watu binafsi zinavyoweza kuokoa maisha. Kichwa kilinivimba, sitaficha.

Nikampigia binti yangu. Ana mtoto mmoja, wa kike, wa wiki saba, ambaye ni mchumba wangu rasmi na mke wangu anamwita mke mwenza. Chanjo ya wiki sita ilikuwa imempita kwa sababu ya mafua, na pia kwa sababu mama yake anaogopa sindano kuliko mtoto.

“Mpeleke leo hii,” nikamwambia. “Chanjo zimelala kwangu. Nimezilinda kwa mikono yangu.”

“Una uhakika, Baba?”

“Kwani mimi ni baba yako au ni jirani?”

Akampeleka.

Jumatano Sista alikuja kuchukua boksi la kliniki ya kesho yake. Mkononi alikuwa na kidude kidogo cheupe, kama saa ya mezani, akakiweka kwenye rafu katikati ya chanjo.

“Hicho cha nini?”

“Kinaangalia baridi isizidi. Zikigusa chini ya sifuri kinaweka alama ya X. Kile cha kwanza kilifia kwenye friji bovu, hiki kingine nimekiazima zahanati ya jirani.”

Nikacheka. “Sasa Sista, unaogopa joto au unaogopa baridi? Chagua moja.”

“Joto naliogopa kidogo, Fundi. Linaziua polepole, unaweza kuwahi. Kuganda ndiko kunakoninyima usingizi. Zikiganda mara moja tu zimekwisha, na huwezi kujua kwa kuangalia tu. Zinayeyuka, kichupa kizuri, lebo nzuri. Unachoma, mtoto analia, mama anarudi nyumbani anajua mwanawe amekingwa. Kumbe hana kitu mwilini.”

“Zote?”

“Zile za matone hapana. Hizi tunazochoma pajani ndizo. Dondakoo, pepopunda, kifaduro, zote zimo humu humu.” Akalibeba boksi. “Kesho nina watoto hamsini, niombee.”

Nilimfungulia geti. Naomba hili lisisahauliwe mtu atakapotaka kunisifu: nilijua, na bado nilimfungulia geti, nikamwambia safari njema.

Kisha nikarudi chumbani. Nje ya mlango kuna kasha la kioo lenye karatasi ya duara inayozunguka kwa wiki moja, na kalamu inachora juu yake joto la ndani. Mimi ndiye ninayeibadilisha, mimi ndiye ninayeitunza. Nikaichomoa. Mstari ulikwenda sawasawa Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi jioni ukaporomoka kuelekea katikati kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, ukakaa huko mpaka Jumapili.

Nilifikiri kama mwizi. Watoto hawa watarudi baada ya mwezi kwa sindano ya pili, nikajiambia, na ya pili itakuwa nzima. Nani anaugua kifaduro siku hizi? Nikajibu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka tisa, mdogo wangu alikohoa wiki tano. Akishamaliza kukohoa alikuwa akivuta hewa kwa mlio ambao mpaka leo nikiusikia kwenye mtambo wowote nauzima. Hakufika wiki ya sita.

Nikapanda ngazi kwa Mama Koni.

Alikuwa anaonja ladha mpya kwa kijiko cha mti, vikombe saba mbele yake. Nilimweleza nikiwa nimesimama, ile karatasi ya duara nimemwekea mezani. Aliendelea kushika kile kijiko muda wote, na nilipomaliza akakiweka chini taratibu.

“Wangapi?”

“Jumatatu na Jumanne. Arobaini na mmoja.”

“Na mjukuu wako?”

“Yumo.”

Akavua miwani. “Fundi, unajua wiki ijayo nakutana na ofisi ya afya. Wa kiwanda cha samaki amekubali kutoa chumba. Wa nyama amekubali. Zahanati sita zingepata baridi bila kusubiri friji la mtu yeyote. Wiki mbili nimewabembeleza hawa wanaume. Likitoka hili, watasema mwenye biashara abaki na biashara yake.”

“Najua, Mama.”

“Na hao watoto mia-mia wa zahanati nyingine, watakaa bila chanjo kwa ajili ya ukweli wetu.”

“Inawezekana.”

“Nani mwingine ameiona karatasi hii?”

“Hakuna.”

Akaichukua, akaishika kwa vidole viwili. Chini, vijana walikuwa wakisukuma matoroli na kuimba. Nikiri: nilitamani aichane. Ningemlaumu maisha yangu yote, na ningelala vizuri.

“Mtu nikimuuzia aiskrimu iliyoharibika,” akasema, “namrudishia hela yake, namwongezea na koni. Huyu mtoto nitamrudishia nini? Hata hajui kwamba amepunjwa.” Akanirudishia karatasi, akaisukuma simu ya mezani upande wangu. “Piga. Mdomo uliojisifu redioni ndio huo huo utakaosema.”

Nilipiga. Sista hakupiga kelele. Aliuliza tu chumba kilishuka mpaka ngapi, halafu akasema, “Narudi na boksi.”

Kliniki ya Alhamisi ikaahirishwa. Sista alikuwa amegandisha kichupa kimoja kwa makusudi katika chumba chetu cha aiskrimu, kiwe cha kulinganishia, akakiacha kiyeyuke. Asubuhi hiyo akakishika pamoja na kimoja cha rafu yangu, akavitikisa vyote kwa mkono mmoja, akaviweka juu ya meza ya kufungashia. Mama Koni aliinama, nami nikainama. Katika kile alichokigandisha mwenyewe, weupe ulianza kukatika kama maziwa yaliyoharibika, vipande vikazama, juu kukabaki maji. Hesabu ya dakika chache, na kile cha rafu yangu kikafanya vilevile.

“Nilipaswa kukueleza,” Sista akasema.

“Nilikukatiza.”

“Nilipaswa kukueleza hata ukinikatiza. Mimi ndiye nesi.” Macho yake yalikuwa mekundu, na ndipo nilipogundua kwamba yeye ana mabosi wake, nao hawaonji aiskrimu kwa vijiko vya mti.

Bwana Afya alikuja, akakifunga chumba, akaandika kurasa tatu. Kuhusu zahanati sita alisema tutaona, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kuona. Chanjo mpya zingefika Ijumaa jioni kutoka bohari kuu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwarudisha watoto arobaini na mmoja. Sista alituhakikishia kwamba kuchomwa tena hakuna madhara, na kwamba kutorudi ndiko kubaya.

Meneja wa mauzo aliandika tangazo lenye maneno “hitilafu ndogo ya kiufundi.” Mama Koni akalikata lote kwa kalamu. Akaandika: Chanjo walizochomwa watoto Jumatatu na Jumanne ziligandishwa kiwandani kwetu. Hazina nguvu. Tulikosea. Mrudisheni mtoto Jumamosi. Akampa dereva wa gari la aiskrimu alisome kwenye kipaza sauti, mtaa kwa mtaa.

“Niondoe muziki?” dereva akauliza.

“Acha muziki. Bila muziki nani atatoka nje?”

Mimi nikaomba orodha ya Sista. Nilitaka kwenda nyumba kwa nyumba. Aliyepiga simu ni mimi, aliyetangaza ni dereva. Nilihisi kuna kitu hakijalipwa. Jina la mjukuu wangu lilikuwa la kumi na tisa. Nikaanza na mbali.

Mlango wa kwanza walidhani nimeleta zawadi, kwa sababu ya sare. Mlango wa nne baba mmoja alinishika kola, akaniuliza kama watoto wao ni panya wa kufanyiwa majaribio, na nilimwacha anishike mpaka akachoka. Mlango mwingine bibi alinisikiliza vizuri, akaitikia kila neno, kisha akauliza kama kweli mwaka huu tutatoa ile aiskrimu ya ndizi. Kuna fundi cherehani hakuacha hata kukanyaga mashine yake nilipokuwa naeleza.

“Ungenyamaza ningejuaje?” akauliza.

“Usingejua.”

Akakata uzi kwa meno. “Basi nitakuja.”

Nilipofika namba kumi na nane nikavuka kwenda ishirini. Huyu wa nyumbani, nikajiambia, huyu nitamweleza nimekaa, kwa utulivu, baada ya wote. Nilijikaza kisabuni mbele ya watu nisiowajua siku nzima, na njia yangu ikapita mbele ya nyumba ya binti yangu mara mbili. Mara ya pili nilitembea upande wa pili wa barabara.

Saa kumi jioni nilibisha hodi. Binti yangu alikuwa amesimama ndani ya mlango, mikono kifuani.

“Gari limepita saa tano,” akasema. “Nilikuwa naanika nguo. Watoto wanalikimbilia hela mkononi, na mimi nasikia linasema watoto wa Jumatatu. Nikajiambia hapana, si sisi. Ingekuwa ni sisi, Baba angeniambia.”

“Nilikuwa nakuja, mwanangu.”

“Nimekuona ukipita. Mara ya pili ulikuwa upande ule.” Akanyoosha kidole. “Umeshawaambia wangapi?”

“Arobaini.”

“Arobaini,” akasema. “Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuamini kuliko wote, na mimi ndiye wa mwisho.”

Nilianza kueleza. Nilisema aibu, nikasema sikujua pa kuanzia, nikasema yeye ni damu yangu ndiyo maana ilikuwa vigumu. Yote yalikuwa kweli na hayakufaa kitu. Akafunga mlango polepole, kwa sababu mtoto alikuwa amelala. Kama angeubamiza ingekuwa nafuu.

Jumamosi nilifika zahanati kabla ya mfagiaji. Mama Koni alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa karibu na mlango, akamsalimia kila mzazi aliyeingia na kumwambia samahani, mmoja mmoja. Wengine waliitikia, wengine walimpita kama nguzo. Aliyenishika kola alikuja, hakunitazama. Fundi cherehani alikuja na mtoto amevaa gauni jipya. Kazi yangu ilikuwa kubeba kisanduku cha baridi na kuita majina. Kila mtoto alipolia ndani nilijua kilio hicho ni cha ziada, kwamba kama nisingekuwa mjuaji kisingekuwepo. Ilipofika saa sita Sista alikuwa ameweka alama arobaini. Namba kumi na tisa ilikuwa wazi.

“Nimsubiri mpaka lini?” akaniuliza kwa sauti ya chini. “Chupa ikishafunguliwa haikai.”

“Dakika kumi,” nikasema. Sikuwa na haki ya hata moja.

Nilijua kinachoweza kutokea. Binti yangu angeweza kukaa nyumbani leo, na mwezi ujao, na mwaka kesho. Angeweza kusema sindano zote ni zilezile na wanaozileta ni walewale, na nani angembishia? Mimi? Mtoto angekaa hivyo hivyo, bila kinga, kwa sababu ya babu yake. Si kwa sababu babu alikosea namba. Ni kwa sababu babu alivuka barabara.

Aliingia dakika zikiwa zimekwisha. Mtoto alikuwa amefungwa kifuani kwake, macho kodo. Mama Koni alisimama kumwomba radhi, naye akaipokea kwa heshima, akasema asante, Mama. Mimi hakunisalimia. Wazazi wachache walikuwa bado kwenye mabenchi wakisubiri ile nusu saa ya kuangaliwa, na wote walijua mimi ni nani kwake, maana mji wetu ni mdogo.

Sista akavuta kiti. “Karibu, mama. Kaa hapa, mshike miguu hivi.”

Binti yangu hakukaa. Akamfungua mtoto, akaninyooshea mimi.

“Mshike wewe.”

“Mwanangu, amekuzoea wewe. Atatulia kwako.”

“Jumatatu nilimshika mimi,” akasema. “Nilimwambia tulia mama, babu amesema ni salama. Leo akilia, akutazame wewe.” Akageukia ukuta, akaliegemeza paji la uso wake kwenye bango la kunawa mikono.

Nikakaa. Nikamshika mchumba wangu kama Sista alivyonielekeza, mkono mmoja nyuma ya mgongo, mwingine juu ya magoti. Alikuwa wa moto kama mkate. Alinicheka, ananijua, amezoea kwamba sura yangu ikija karibu kuna jambo la kuchekesha linafuata. Sindano ikaingia. Hakulia papo hapo. Alinitazama kwanza, kwa mshangao tu, kama anayeuliza kama hata mimi nimeliona lile. Ndipo akalia.

Kila mtu pale alikuwa akiwaambia watoto basi, basi, imekwisha. Mimi nilimwambia samahani. Nilimwambia kwa sauti, wasikie walioko kwenye mabenchi, nikarudia mpaka sauti ikanikauka, na niliponyanyua macho binti yangu alikuwa ameshageuka, anatutazama.